Kuku wa Kioo na Yai la Kweli

Kwa mamlaka niliyokabidhiwa, natangaza rasmi kwa wasomaji wote kwamba tangu Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne na robo asubuhi, mimi ndiye Mpelelezi Mkuu wa nyumba ya shangazi yangu. Nina idhini ya kuingia chumba chochote, kumhoji mtu yeyote na kufungua droo yoyote, isipokuwa ile ya soksi zake.

Uteuzi huu una dosari moja ndogo. Wizi ninaoupeleleza niliufanya mimi.

Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita kwa sababu lilifungiwa sabuni, namfupishia. Nilirudishwa nyumbani kutoka shule ya bweni kwa wiki tatu, baada ya kubandika tangazo lenye muhuri likiwaita walimu wote ofisini kupimwa urefu. Muhuri niliuchonga kwenye soli ya kandambili. Walimu kumi na mmoja walijipanga mstari, wawili wakiwa wameshavua viatu.

Baba alisema presha yake haimruhusu kukaa nami nyumba moja. Akanipeleka kwa dada yake kwa sharti moja: shangazi akipeleka lalamiko hata moja, shule basi.

Sasa, shangazi alikuwa mkaguzi wa mizani kwa miaka thelathini na mmoja. Wauza nafaka walikuwa wakiona kivuli chake tu, mizani zinajirekebisha zenyewe. Leo amestaafu, hana tena mfanyabiashara wa kumshuku. Kwa hiyo anatushuku sisi.

Starehe yake ni moja: vyombo vya kioo vya rangi vya zama za Malkia Viktoria wa Uingereza. Mabakuli, visahani, vijagi, vyombo vya chumvi. Vya buluu, vya zambarau, vya rangi ya asali, vya kijani cha ndimu. Vipande sitini na viwili. Enzi hizo kioo cha moto kilimiminwa kwenye kalibu ya chuma kikashindiliwa, na ndiyo maana ukipitisha kucha pembeni unakuta mshono mwembamba pale kalibu ilipokutana.

Siku ya kwanza nilimpa maoni yangu ya kitaalamu. "Kumbe ni vya kuigiza vile vya matajiri, vilivyochongwa kwa mkono."

"Ni vya watu wa kawaida waliotaka meza yao ipendeze," alijibu. "Kuna ubaya gani? Na ondoa kidole."

Chini ya kila kipande kuna kikaratasi chenye rangi na uzito. Kila Jumatatu anavitoa kabatini, anavipima, kisha anavigonga kwa ukucha. Ting. "Kioo kizima kinaimba," husema. "Chenye ufa kinakohoa."

Malkia wa kabati ni kuku. Kuku wa buluu, ukubwa wa ngumi mbili, ameketi juu ya kiota cha buluu. Kuku ni kifuniko, kiota ni bakuli. Shangazi alipata kiota kwanza, kitupu, kwenye vyombo vya mjane aliyekuwa akihama. Akakaa nacho miaka kumi na mmoja akijaribisha vifuniko, hiki kinacheza, kile kinabana, hadi siku alipompata kuku aliyekaa bila kutikisika.

Wiki iliyopita Fundi seremala alikuwa akimtengenezea rafu mpya. Vipande vyote vilipangwa juu ya meza ya chakula, vikafunikwa shuka. Jumanne asubuhi nikainua pembe ya shuka, nikamchukua kuku, na ndani ya kiota nikaweka yai. Yai la kweli, kutoka trei ya jikoni.

Mtaniambia hapakuwa na cha kuchekesha hapo. Mngekuwepo!

Pale ndipo tulipoachana wiki iliyopita: shangazi ameinua shuka, ameliona yai, na mimi nimesimama nyuma yake nikisubiri kicheko.

Kicheko hakikuja.

Alilichukua yai, akalielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akalirudisha taratibu kama bomu.

"Mtu ananiibia," alisema, "na bado ana nafasi ya kunicheka."

"Labda ni utani, Shangazi."

"Utani?" Akageuka. "Utani wa nani? Nyumba hii ina mtani?"

Nikaona sura ya baba. Nikaona na geti la shule likifungwa. "Hapana," nikasema. "Nyumba hii haina mtani."

"Nilikuwa nikikushuku wewe," akaendelea. "Lakini mwizi angekimbia, na wewe umekuja kusimama nami. Nimekuonea, mwanangu. Kuanzia sasa wewe utakuwa macho yangu. Chunguza nyumba nzima. Mtoto aliyewapanga walimu mstari hashindwi na mwizi mmoja."

Halafu akafanya jambo baya kuliko yote. Alichukua simu, akampigia baba.

"Mtoto wako amebadilika," nilimsikia akisema. "Ndiyo, huyohuyo. Nampa kazi ya maana na anaifanya."

Nilisikia upande wa pili baba akikaa kitako.

Wasomaji, msinihukumu haraka. Mpango ulikuwa tayari kichwani: nimchukue kuku alipo, nimfiche nyuma ya pazia, kisha nimgundue kwa shangwe. Alipo palikuwa salama. Nilikuwa nimemlaza ndani ya gunia la maranda la Fundi, pale barazani, katikati ya maganda laini ya mbao. Hata yai la kweli lisingevunjika mle.

Nikaenda barazani kwa mwendo wa kipelelezi, mikono nyuma.

Gunia halikuwepo.

Nilitazama nyuma ya mlango. Nilitazama chini ya benchi. Jasho likanitoka mpaka kwenye masikio, na hapo, kwa mara ya kwanza maishani, nikapandwa na hasira ya mtu aliyeibiwa. Mwizi gani huyu asiye na haya, anayeiba kitu cha wizi?

Nikaanza kumshuku kila mtu kwa dhati kabisa.

Nilianza na Dada Mpishi, ambaye ameishi na shangazi miaka tisa na hufunga sukari kwa kufuli.

"Dada, asubuhi ulikuwa wapi?"

"Waziri amekuja kunihoji!" Hilo jina alinipa siku niliyofika, kwa jinsi ninavyoongea. "Nilikuwa hapa. Na wewe ulikuwa wapi?"

"Maswali nauliza mimi."

"Basi niulize na hili." Akaelekeza mwiko kwenye trei. "Jana nimeacha mayai kumi na mawili. Leo ni kumi na moja. Sijapika yai, mama hajala yai. Kuna mtu kala yai bichi?"

"Nitalifanyia kazi."

"Lifanyie." Aliendelea kukoroga, lakini macho yake yalinifuata hadi mlangoni, na nilipofika uani yalikuwa yamehamia dirishani.

Nikamwendea Fundi. Ni mtu mzima mwenye upara chini ya kofia na penseli sikioni, maneno yake machache kama misumari ya akiba. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, mikono mitupu.

"Mbona hufanyi kazi, Fundi?"

"Kwa nini nifanye, kijana? Na kwa nini nisifanye? Muulize shangazi yako."

Nikageuka. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja juu ya sanduku la vifaa la Fundi.

"Ni yeye peke yake mgeni humu," alisema, kama Fundi ni kiti. "Vyombo vimetoka kabatini kwa ajili yake. Sanduku hili linalala kwangu mpaka kuku arudi. Na nimeshawapigia wenzangu watatu wanaokusanya vioo. Walikuwa wanamsubiri awatengenezee makabati. Wasimfungulie mlango."

"Mama," Fundi alisema polepole, "kwenye hilo sanduku kuna randa ya baba yangu. Ijumaa natakiwa nipeleke madawati ishirini. Bila vifaa, mimi ni mpita njia tu."

"Rudisha kuku, uchukue randa."

"Siwezi kurudisha nisichochukua."

Miaka thelathini na mmoja shangazi amesikia sentensi hiyo kutoka kwa watu wenye kidole gumba kwenye mizani. Akabeba sanduku, akaingia nalo ndani.

Mimi nikajikuta nauliza, kwa sauti iliyopungua ukubwa, "Fundi, lile gunia la maranda liko wapi?"

"Jirani mfuga kuku amelichukua. Kila siku analichukua, anatandika bandani." Akanitazama. "Kwa nini unaulizia gunia?"

"Upelelezi," nikasema, nikatoka mbio.

Naomba hapa wenye heshima zao waruke aya mbili.

Ukuta wa jirani una vipande vya chupa juu. Nilipita mahali pasipo na chupa, suruali ikapita penye chupa. Bandani mlikuwa na kuku wasiopungua mia, na wote waligeuka kunitazama kwa pamoja, kama wabunge pale mwenzao aliyelala anapokoroma. Maranda mapya yalikuwa yamemwagwa kwenye kona ya wanaotamia.

Nilipiga magoti. Nilipekua. Nilidonolewa mkono, goti na mahali pengine ambapo gazeti hili halipaswi kupataja. Hatimaye nikaona buluu ikichungulia chini ya tetea mmoja mnene mwekundu. Alikuwa amemkalia kuku wa kioo na anamtamia kwa moyo wote. Nilipomtoa, alinililia kama nimemnyang'anya mtoto.

Kuku wa shangazi hakuwa na pengo hata moja. Ila alikuwa na kinyesi, tena kuanzia kishungi hadi mkia.

Nikarudi kwa njia ileile ya kuchana suruali. Jikoni hapakuwa na mtu. Birika lilikuwa linachemka. Nikamweka kuku kwenye karai, na kwa kuwa mimi ni kijana msafi niliyelelewa bwenini, nikammiminia maji yote ya birika.

Nilisikia sauti ndogo. Tik.

Nikamgeuza huku na huku. Sikuona kitu. Nikamfuta kwa shati, nikamficha nyuma ya pazia la sebuleni, nikahesabu hadi mia moja, kisha nikapaza sauti:

"Shangazi! Shangazi! Haki imepatikana!"

Walikuja wote. Shangazi mbele, Dada Mpishi nyuma yake na mwiko, Fundi mlangoni kwa sababu hakukaribishwa kuingia. Nikavuta pazia kama nazindua jengo la serikali.

Shangazi hakumkumbatia kuku. Hakunikumbatia mimi. Alimshika kwa vidole viwili, akaenda naye mezani na kuvuta mizani yake ya shaba. Akaweka mawe moja moja. 

"Kikaratasi kinasema gramu mia nne na kumi na mbili," alisema. "Huyu ana mia nne na kumi na tatu."

"Si afadhali amezidi, Shangazi?"

"Miaka thelathini na mmoja," alisema bila kunitazama, "sijaona kitu kikiibwa kikarudi kizito."

Akamgeuza kuku chali. Ndani ana uwazi, unaopanda hadi shingoni. Shangazi alichomoa pini ya nywele, akaiingiza shingoni taratibu, akatoa kitu kilicholowa na kujikunja. Akakiweka juu ya kitambaa cheupe.

Ganda la mbao. Jekundu, kama mbao ya rafu mpya.

 Nilikuwa nimemtoa kuku kwenye maranda ili Fundi aokoke, na maranda yalikuwa yamemfuata.

"Kwa hiyo, Fundi," shangazi alisema, "kuku wangu alilala kwenye maranda yako. Na jirani ndiye mchukuzi. Kumbe mko wawili. Ulipoona mtoto anawakaribia, ukamrudisha nyuma ya pazia."

Fundi alilitazama lile ganda. Nadhani alikuwa anapiga hesabu, na kwa kweli hesabu ilikuwa inamkataa. Maranda ni yake. Gunia ni lake. Hata mimi ningekuwa simjui mwizi, ningemfunga.

Shangazi akamweka kuku kiganjani, akamgonga kwa ukucha.

Tok.

Akamgonga tena, kwa upole zaidi, kama anamwamsha mgonjwa. Tok.

Sijawahi kuona shangazi yangu akitafuta kiti kwa mkono bila kukitazama. Aliketi. Akamwinua kuku kwenye mwanga, na sote tukauona sasa: unywele mmoja mwembamba wa fedha, kutoka shingoni kwenda bawani.

"Miaka kumi na mmoja," alisema. Sauti haikuwa ya ukaguzi tena. "Fundi, ungeniomba tu. Ungesema mama nina shida. Kwa nini ukamwangusha?"

Fundi alivua kofia aliyokuwa ameivaa kujikinga na vumbi. "Mama, baki na sanduku," alisema. "Baki na randa. Lakini usiseme nimeangusha kitu. Mikono hii haijawahi kuangusha kitu cha mtu."

"Kioo hakipasuki chenyewe!"

"Sikumwangusha."

"Umemwangusha!"

"Hakuanguka!" nikasema mimi. "Ni maji ya birika."

Kuna aina nyingi za ukimya. Bwenini tunao ule wa baada ya taa kuzimwa, na ule wa mwalimu anapouliza nani amecheka. Huu ulikuwa mpya.

Dada Mpishi ndiye aliyeuvunja. "Ndiyo maana nimekuta birika tupu!" Akanisogelea, akachomoa kitu nywelini mwangu, akakiweka juu ya kitambaa cheupe kando ya ganda la mbao. Unyoya mwekundu. "Na suruali, Waziri? Nayo imepelelezwa?"

Shangazi hakupaza sauti. Laiti angepaza.

"Keti," alisema. "Anza mwanzo. Usiruke."

Nikaketi. Sikuruka. Nikasema yai nilitoa mimi, kuku nilificha mimi, kwenye gunia, ili alale pazuri. Nikasema nilitaka acheke. Nikasema nilipoona hacheki niliogopa shule, na sanduku lilipochukuliwa niliogopa zaidi, na kila nilipoogopa nilijiongezea cheo. Nikasema Fundi hajui lolote, na jirani hajui lolote, na kuku pekee aliyeshiriki ni yule tetea.

Hakuna aliyecheka kwa tetea.

"Maji ya moto," shangazi alirudia. "Kila Jumatatu unaniona nachanganya ya vuguvugu, natia kiwiko kwanza. Ulidhani nacheza?"

"Sikudhani, Shangazi."

"Hilo nimeliona."

Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na sanduku la vifaa kwa mikono miwili. Akaliweka miguuni pa Fundi. Aliinama kuliweka, na shangazi yangu si mtu wa kuinama.

"Nimekukosea, Fundi. Nisamehe."

Fundi hakuligusa. Akatazama simu iliyokuwa mezani.

"Sanduku nimeliona, mama. Lakini asubuhi umewapigia watu. Jina langu liko kwao. Hilo sitaweza kulibeba hadi hapo mlangoni."

Shangazi akaitikia kwa kichwa taratibu. "Kweli. Habari za uongo zimetoka humu ndani, kwa simu hii, kwa watu wanne."

"Watatu," nikasema. Mkaguzi hukosea, nami nilitaka kusaidia. "Uliwapigia wenzako watatu."

"Wanne," alisema, akabonyeza namba, akanipa simu. "Kwa kuwa unapenda kutangaza, tangaza."

Simu ilikuwa inaita. Fundi amesimama, kofia mkononi. Dada Mpishi amekunja mikono, mwiko umechomoza kwapani. Kuku yuko mezani, na ufa wake unang'aa kwa jua la dirishani, mzuri kuliko ulivyostahili kuwa.

Mtu akapokea. Nikafumba macho, nikavuta pumzi, nikasema yote kwa mkupuo kabla woga haujanikamata:

"Natangaza rasmi kwamba Fundi hakuiba kitu. Ni mtu safi, na anayetaka kabati ampe kazi. Mwizi wa kuku ni mimi."

 Upande wa pili nikasikia mtu akikaa kitako, polepole, kwenye kiti ninachokijua mlio wake tangu nizaliwe.

"Rudia," akasema baba.